Tang Ying, bwana mkubwa aliyefundishwa na wafinyanzi

Neno kauri lina maana mbili katika Kiswahili, na aghalabu mwanafunzi hufundishwa moja leo na nyingine mwakani, asiambiwe kwamba ni neno lile lile. Kauri ni simbi, yaani lile gamba dogo la konokono wa baharini, jeupe na lenye kung'aa, ambalo zamani lilitumika kama fedha na kama pambo. Kauri pia ni ule udongo mweupe ambao kwao hufanywa vikombe, sahani na mabakuli. Waitaliano nao, bila ya kushauriana nasi, walipita njia hiyo hiyo: walipovipata vyombo vya Uchina waliviita porcellana, na hilo lilikuwa jina lao la simbi. Kisha kuna neno sinia, ambalo kwetu ni chombo cha bati cha kupakulia pilau. Tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na asili yake haisemi zaidi ya kitu cha kutoka Uchina. Basi mtu alaye pilau kwenye sinia na kunywa chai kwa kikombe cha kauri ameishika historia ndefu mikononi mwake, naye hana habari.

Nimeingia katika mambo ya ufinyanzi kwa mlango huu wa maneno, kwani kazi yangu ni isimu wala si sanaa. Lakini katika kufuata asili ya majina ya vyombo nilikutana na mtu mmoja ambaye tangu siku hiyo hajanitoka akilini, nami naona si haki kuwaficha walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii. Mtu huyo ni Tang Ying, aliyezaliwa mwaka 1682 na kufariki mwaka 1756. Huko Uchina hakuna mpenzi wa vyombo vya kauri asiyemjua. Kwetu hatajwi, ijapokuwa sanaa aliyoisimamia ilifika hadi majumbani mwetu.

Anayetaka ushahidi na aende pwani. Kaburi la mnara la Mambrui lilipachikwa mabakuli ya Kichina, na makaburi ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam vivyo hivyo. Mengi katika yale ya kale yalikuwa ya kijani kilichopoa au ya buluu juu ya weupe. Katika karne ya 18 na ya 19 vikaja kwa wingi vyombo vya aina nyingine, vyenye maua ya waridi, majani ya kijani na mistari ya dhahabu, na vikapangwa katika zidaka za nyumba za mawe za Lamu, mahali ambapo mgeni akiketi tu macho yake huvikuta. Sisi wa kaskazini mashariki tulichelewa. Huko Wajir nilikozaliwa chombo cha heshima si cha udongo. Mfugaji anayehama na ngamia hawezi kubeba chungu kitakachopasuka njiani. Hubeba dhiil na haan, vyombo vya maziwa na maji vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi au kuchongwa kwa mti, na pambo lake kubwa ni simbi. Kwa hiyo Wajir ilikuwa na kauri ya kwanza muda mrefu kabla ya kuipata ya pili. Vikombe vya maua vilitujia pamoja na chai na sukari, vikawekwa kando kungojea wageni.

Sasa inafaa msomaji aelewe namna maua hayo yanavyokaa juu ya kikombe, maana bila ya kulifahamu hilo hatamwelewa Tang Ying. Kauri hufinyangwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, jina lililotokana na Gaoling, mahali palipo karibu na mji wa Jingdezhen, ukichanganywa na unga wa jiwe laini. Chombo hupakwa maji mazito ambayo yakichomwa hugeuka kuwa utandu wa kioo, kisha hutiwa katika joko lenye moto wa kiasi cha nyuzi 1,300 za Selisiasi. Humo udongo na utandu hushikana, chombo kikatoka cheupe na kigumu, na kikigongwa hulia kama kengele. Tatizo ni kwamba moto huo hauzihurumii rangi. Buluu itokanayo na kobalti huustahimili vyema, na nyekundu ya shaba huustahimili kwa shida kubwa. Nyingi zilizobaki huungua na kutoweka. Ndiyo sababu vyombo vingi vya kale ni vya buluu.

Fundi atakaye waridi na manjano sharti angojee chombo kiive na kupoa. Hapo hupaka rangi juu ya utandu wa kioo uliokwisha kuiva, akakirudisha chombo katika tanuri dogo lenye moto wa kiasi cha nyuzi 700 hadi 850. Rangi zenyewe ni kioo kilichosagwa, kilichochanganywa na risasi ili kiyeyuke upesi, na kutiwa madini: shaba hutoa kijani, chuma hutoa nyekundu, manganizi hutoa zambarau. Kioo hiki chepesi huyeyuka na kung'ang'ania kile kigumu kabla kile cha chini hakijalainika. Msomaji akipitisha kidole juu ya kikombe kilichopambwa hivyo ataona ua limeinuka kidogo. Moto ukipungua rangi hukaa kama vumbi, nao ukizidi huchuruzika au kuungua. Na zaidi ya hayo, mara nyingi rangi iliyo kwenye brashi si rangi itakayotoka motoni. Mchoraji huchora kwa imani.

Tang Ying alizaliwa Shenyang, nayo iko kaskazini mashariki mwa Uchina (jambo ambalo mimi, kwa sababu zangu, nililifurahia). Jamaa zake walikuwa Wachina walioandikishwa katika majeshi ya Wamanchu, watawala wa nchi wakati huo, na kwa urithi walikuwa watumishi wa nyumba ya mfalme. Hakuingia katika kazi ya serikali kwa kupasi ile mitihani mikuu iliyowatoa wasomi wa Uchina. Alipelekwa ikulu akiwa kijana mdogo wa miaka kama 15, akatumikia katika karakana za mfalme Kangxi mjini Beijing kwa zaidi ya miaka 20. Aliyafahamu maandiko mazuri, uchoraji na ushairi. Mwaka 1723, mfalme Yongzheng alipokalia kiti, Tang Ying alipandishwa cheo katika idara ya mambo ya nyumba ya mfalme.

Miaka hiyo ndiyo miaka ambayo rangi mpya zilikuwa zikitafutwa ndani ya ikulu. Kangxi alikuwa ameviona vyombo vya shaba kutoka Ulaya vilivyopakwa rangi za kioo, akavitamani. Mapadri Wajesuiti waliokuwa barazani pake waliombwa msaada, na mwaka 1719 akawasili Mfaransa Jean-Baptiste Gravereau, fundi wa kazi hiyo. Rangi zilizokuwa zikisakwa hasa zilikuwa mbili. Moja ni waridi, ambayo hupatikana kwa kutia dhahabu kidogo sana katika kioo. Ya pili ni nyeupe nzito isiyopenyeza mwanga, itokanayo na aseniki, ile sumu. Nyeupe hiyo ikichanganywa na waridi, mchoraji anaweza kwenda kutoka wekundu hadi weupe hatua kwa hatua katika jani moja la ua, jambo lililokuwa muhali hapo kwanza. Kufikia mwaka 1728 karakana za ikulu zilikuwa zimekwisha kujitengenezea rangi zao wenyewe. Wachina waliziita yangcai, maana yake rangi za kigeni. Wazungu wa karne ya 19, kwa upande wao, walivipa vyombo hivyo jina la Kifaransa lenye maana ya jamaa ya waridi, na wakavihesabu kuwa alama halisi ya Uchina. Hivyo ndivyo majina yalivyo: kila mmoja huona ugeni upande wa mwenzake.

Mwaka huo huo wa 1728 Tang Ying alipewa uhamisho. Alipelekwa Jingdezhen katika jimbo la Jiangxi, kusini, awe msaidizi wa Nian Xiyao, bwana aliyesimamia majoko ya mfalme kutoka mbali huku akikusanya ushuru huko Huai'an. Maana yake ni kwamba Nian alikuwa na cheo na Tang Ying alikuwa na kazi. Alikuwa na umri wa miaka 46 hivi. Umri huo ndio wangu sasa, nami najua jinsi mtu wa umri huo anavyochukia kuanza upya.

Jingdezhen haukuwa mji kama miji mingine. Padri Mfaransa François Xavier d'Entrecolles, aliyeandika barua mbili ndefu juu yake mwaka 1712 na 1722, alisimulia habari za majoko kiasi cha 3,000, na miali ya moto ambayo usiku iliufanya mji wote uonekane kana kwamba unateketea. Alieleza pia kwamba kikombe kimoja hupita katika mikono ya watu 70 kabla ya kukamilika. Mmoja huchota mstari wa mdomo wa chombo, wa pili huchora umbo la maua, wa tatu huyatia rangi, na mwenye kuchora ndege hachori milima. Huko ndiko alikotupwa karani wa ikulu ambaye, kwa ungamo lake mwenyewe, hakuwa na elimu yoyote ya joko.

Hapo ndipo maisha yake yanapoacha kuwa ya kawaida. Ofisa wa zama zile alitarajiwa kuishi kama ofisa: kualikana na wakubwa wenzake, kutunga mashairi chini ya mwezi, na kuwaachia wasimamizi wadogo kelele za karakana. Tang Ying alifunga mlango wake. Aliacha kutembelea na kutembelewa, na kwa muda wa miaka mitatu alikula na kupumzika pamoja na mafundi. Katika maandishi yake amesimulia kwamba mwanzoni alikuwa hana la kufanya ila kuitikia kila alichoambiwa na wafanyakazi, na kwamba kufikia mwaka 1731 alikuwa na uwezo wa kutoa shauri lake na wafanyakazi wakamwitikia yeye. Kuna majivuno kidogo katika habari hiyo, sikatai. Ila ni majivuno ya mwanafunzi aliyefaulu.

Mimi kama mwanaisimu najiuliza jambo ambalo wanahistoria wa sanaa hawalishughulikii sana: waliongea lugha gani? Lahaja za Jiangxi ni za tawi la Kigan, na mtu wa kaskazini hazielewi kwa kuzisikia tu. Juu ya hapo kuna lugha ya kazi yenyewe, ambayo hata jirani wa mfinyanzi haijui. Kila hatua ina jina, kila hali ya moto ina jina, kila kasoro ya chombo ina jina. Sina budi kudhani kwamba sehemu kubwa ya miaka ile mitatu ilikuwa ni shule ya lugha. Mtu hawezi kujua moto usio na jina kichwani mwake, na majina walikuwa nayo wachoma joko, ambao wengi wao hawakujua kuandika.

Nawajua walimu wanaosoma haya wakiwa katika maeneo yanayolipiwa marupurupu ya mazingira magumu, Wajir ikiwemo. Wengi wamepelekwa huko kama Tang Ying alivyopelekwa Jingdezhen, kwa barua moja ya uhamisho. Nilipokuwa shule ya msingi, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, somo la sanaa lilitaka tufinyange vyungu. Wajir ni mchanga na mawe ya chokaa. Visima vyetu vyenyewe vimechimbwa katika chokaa hiyo. Udongo wa kufinyanga haukupatikana. Tulikuwa na mwalimu aliyetoka magharibi mwa nchi, ambaye hakujua Kisomali zaidi ya salamu. Angaliweza kutuchorea chungu ubaoni na kuendelea na safari. Badala yake aliwaomba akina mama watufundishe kusuka dhiil, naye akaketi chini ya mti pamoja nasi, akasuka vibaya kuliko sisi, akachekwa. Alikuwa na daftari ambamo aliandika jina la kila hatua: namna ya kuloweka mizizi, mshono wa kuanzia kitako, na mti gani wa kufukizia chombo kwa moshi ili maziwa yasiharibike. Alipohamishwa aliondoka na daftari lake. Miaka mingi baadaye, nikiwa na shahada zangu, nilirudi kuyakusanya majina yale kwa wazee. Mengine niliyapata. Mengine wazee waliyakumbuka nusu, wakabishana, wakaacha. Laiti ningalikuwa na daftari lile!

Tang Ying hakuliacha daftari lake lipotee. Mwaka 1735 aliandika kumbukumbu ya kazi za majoko ya mfalme, akaorodhesha aina zaidi ya 50 za utandu na mapambo zilizotengenezwa humo, za kale zilizoigwa na mpya zilizobuniwa, zikiwemo zile rangi za kigeni. Humo tunajifunza kwamba kila mwaka watu zaidi ya 300 walilipwa katika karakana hiyo, na kwamba vyombo vya mviringo vya daraja ya kwanza vilivyopelekwa Beijing vilikuwa 16,000 au 17,000. Vile vilivyokataliwa vilizidi hapo. Mtu aonaye bakuli moja ndani ya kabati la kioo la makumbusho na alikumbuke lundo la ndugu zake walioanguka mtihani.

Baada ya hapo vyeo viliongezeka. Mwaka 1736, Qianlong akiwa amekwisha kumrithi baba yake Yongzheng, Tang Ying alipewa ukusanyaji wa ushuru wa Huai'an, na mwaka 1739 akahamishiwa Jiujiang, ambako aliweza kuyasimamia majoko kwa karibu zaidi. Qianlong alivipenda vyombo kwa namna inayomtisha mtumishi. Alitaka kuona sampuli, alitaka mabadiliko ya ua hili na lile, na alihesabu vilivyovunjika. Mwaka 1741 alimkaripia Tang Ying kwa ubovu wa vyombo, na gharama ya kasoro ikawa ni deni la mtumishi. Ni mfalme huyo huyo aliyepelekewa, mwaka 1743, vyombo vya ajabu ambavyo mpaka leo wafinyanzi huvishangaa: chupa ya maua ndani ya chupa nyingine iliyotobolewa nakshi, ya ndani ikizunguka na michoro yake kuonekana katika matundu ya ile ya nje. Kwa kweli mimi sivipendi sana vyombo hivyo. Vimejaa mno, kama hotuba ya mtu aliyeogopa kukatizwa. Lakini anayejua jinsi udongo unavyosinyaa motoni atafahamu kwamba kuvifanya viwili vizunguke bila ya kugusana ni hesabu ngumu kuliko zote.

Mwaka 1743 ndio pia uliozaa kazi ambayo kwayo nimeamua kuandika makala haya. Ikulu ilikuwa na picha 20 za kuonyesha utengenezaji wa kauri, na mfalme akaamuru Tang Ying aziandikie maelezo. Aliandika kurasa fupi, kwa lugha kavu isiyo na madoido. Anaanza na jiwe linalochimbwa mlimani na kupondwa kwa vinu viendeshwavyo na maji, anafuata mchanganyo wa udongo, gurudumu, upakaji wa utandu, ujazaji wa joko, mpaka siku ambayo mafundi huingia kutoa vyombo vya moto wakiwa wamejifunga vitambaa vilivyoloweshwa maji mikononi na mabegani. Katika picha ya wachoraji wa buluu anaeleza kwamba anayechora mistari hujifunza mistari tu, na anayejaza rangi hujifunza kujaza tu, ili mkono upate kuzoea na moyo usigawanyike. Na kwamba wote huketi katika chumba kimoja ili kazi zao zifanane.

Afikapo kwenye rangi za kigeni, maelezo yake yana usahihi ambao haupatikani ila kwa aliyekaa karibu. Anasema rangi hukorogwa kwa vitu vitatu: mafuta yenye harufu, gundi, au maji matupu. Mafuta hufaa pale rangi inapotakiwa kuenea na kufifia, gundi hufaa pale inapopigwapigwa kwa brashi, na maji hufaa pale inapolundikwa ili iinuke. Anaeleza kwamba wachoraji wengine hukiegemeza chombo mezani, wengine hukishika mkononi, wengine hukilaza ubavu na kuinama, kila mmoja kwa kadiri ya ukubwa wa chombo. Anaeleza matanuri mawili ya ule moto wa pili: la wazi, la vyombo vidogo, vinavyosukumwa ndani kwa uma wa chuma huku makaa yakiwa yamelizunguka, na lililofunikwa, la vyombo vikubwa, linalochomwa kwa siku moja mchana na usiku. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuanza kazi kwa kurasa zile. Nami husema tena kwamba maneno yale hayakuwa yake. Aliyasikia kwa watu, akayaandika.

Kuna tendo lake jingine ambalo linaonyesha moyo aliokuwa nao. Mjini Jingdezhen palikuwa na hekalu la Tong Bin, mchoma joko wa mwisho wa karne ya 16. Wakati huo towashi wa ikulu aitwaye Pan Xiang aliwatesa wafinyanzi kwa kudai mitungi mikubwa mno yenye nakshi za majoka, ambayo ilipasuka kila ilipochomwa. Inasimuliwa kwamba Tong Bin alijitupa katika joko, na kesho yake mtungi ukatoka mzima. Wafinyanzi wakamfanya kuwa mungu wa moto na upepo wao. Tang Ying aliukuta mmoja wa mitungi ile umetelekezwa, una kasoro, umetupwa kando. Akaamuru upelekwe mbele ya hekalu, akauandikia kumbukumbu, na akaandika pia habari za maisha ya Tong Bin. Fikiria: mtumishi wa mfalme anamheshimu hadharani mfanyakazi aliyekufa kwa sababu ya amri ya mfalme. Kweli, mfalme aliyetajwa alikuwa wa ukoo ulioangushwa, hivyo hatari haikuwa kubwa. Hata hivyo wafinyanzi waliokuwa wakisikiliza walijua kwamba mitungi na amri havikuwa vimekwisha.

Jioni alikuwa mtu wa michezo ya kuigiza. Tamthilia zake 17 zimetufikia, na nyingi alizifuma kutoka katika michezo ya watu wa kawaida, ile iliyochezwa sokoni na mbele ya mahekalu kwa lugha ya mtaani na vichekesho vya ovyo, akaipa umbo la maigizo ya kiungwana. Wasomi wenzake waliidharau michezo hiyo. Baadhi ya hadithi hizo zimejulikana hadi leo kwa sababu aliziandika. Mkusanyo wa mashairi na insha zake aliuita kwa jina lenye maana ya maneno ya moyoni ya mfinyanzi. Bwana ushuru mwenye muhuri wa mfalme alijiita mfinyanzi, nami sidhani kwamba lilikuwa ni pozi tu, ijapokuwa wasomi wa Uchina walipenda kujipa majina ya unyenyekevu.

Mwaka 1750 alihamishiwa ushuru wa Guangdong, kusini kabisa, mahali ambapo meli za Wazungu zilipakia vyombo vya kauri kwa maelfu. Mwaka 1752 alirudishwa Jiujiang na majokoni kwake. Alifariki mwaka 1756. Mwaka 1774 mwanachuoni Zhu Yan alitoa kitabu chake juu ya kauri na kuyatia humo maelezo ya zile picha 20, na mwaka 1910 ikachapishwa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho iliyofanywa na Stephen Bushell. Kwa njia hiyo maneno ya wachoma joko wa Jingdezhen, waliokuwa hawajui kusoma, yamo katika maktaba za vyuo vikuu duniani.

Majina yao hayamo. Chombo cha wakati ule kikipinduliwa, kitakoni mwake pana jina la enzi ya mfalme, Yongzheng au Qianlong, na hapana zaidi. Aliyechora jani la waridi, aliyevuta pumzi ya risasi na aseniki miaka 30, hakuandikwa popote. Tang Ying mwenyewe alipata bahati kidogo kuliko wao. Mnamo mwaka 1740 na 1741 alitengenezesha vyombo vya madhabahu vya buluu na vyeupe, akavitoa sadaka kwa hekalu la mungu wa kike karibu na Beijing, na juu ya vyombo hivyo mna maandishi marefu yanayotaja jina lake na vyeo vyake vyote. Baadhi yake vimesalia katika makusanyo. Mstari baada ya mstari umechorwa kwa brashi nyembamba isiyotetemeka, na mkono ulioishika brashi hiyo ulikuwa wa mmoja wa wale 300.